Nilimwambia kaka ni bure, sasa nahitaji yuro 4,960 kabla ya kupanda ndege

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 22, niko mwaka wa tatu wa shahada ya biashara ya miaka minne, mkondo wa uhasibu. Mwezi uliopita ofisi ya mahusiano ya kimataifa ya chuo chetu ilituteua wanafunzi wawili kwenda Ujerumani kwa muhula mmoja, kuanzia Oktoba, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi na chuo kimoja cha huko. Barua ya uteuzi ilisema ada ya chuo mwenyeji imesamehewa na chuo chetu kitatukatia tiketi ya ndege. Kabla sijafika mwisho wa barua nilikuwa nimeshampigia simu kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayenisomesha tangu baba yetu afariki. Nilimwambia, "Kaka, nakwenda Ulaya bure." Alifurahi hadi sauti ikamkatika, na jioni hiyo hiyo ukoo mzima ulikuwa na habari.

Tangu siku hiyo kila karatasi ninayofungua inaongeza gharama. Ili nipate viza natakiwa nionyeshe yuro 992 kwa kila mwezi nitakaokaa, zikiwa zimewekwa mapema kwenye akaunti maalumu. Kwa miezi mitano ni yuro 4,960. Bado bima, bado amana ya chumba, bado ada ya viza yenyewe. Kaka ana akiba na ninaijua: ni kama yuro 2,600, na alishasema ni ya kumwingiza chuoni mdogo wetu wa mwisho mwakani.

Pesa ningeihangaikia, lakini kuna kozi. Muhula ule natakiwa kusoma tano: Ukaguzi wa Hesabu, Kodi, Usimamizi wa Fedha, Mkakati wa Biashara na Mbinu za Utafiti. Idara imekubali hizi tatu za mwisho nizisomee Ujerumani. Ukaguzi na Kodi wamezikataa. Hapa kwetu hufundishwa muhula wa kwanza tu, kwa hiyo nikienda itabidi nimalize kila kitu kisha nisubiri Oktoba inayofuata nizisome hizo mbili. Nitachelewa kuhitimu mwaka mzima, na kaka anahesabu miezi hadi nianze kazi ili tusaidiane kumsomesha mdogo wetu.

Halafu tarehe zinagongana. Muhula wetu wa pili unafunguliwa wiki ya pili ya Februari, na kalenda ya chuo mwenyeji inaonyesha mihadhara inaisha katikati ya Februari na mitihani inafuata.

Rafiki yangu ananishauri nikope hizo pesa kwa watu kadhaa, niziweke kwenye akaunti, nikishapata viza nizitoe niwarudishie, na kaka asijue lolote. Mhadhiri mmoja ninayemheshimu sana ameniambia nafasi kama hii haiji mara mbili, na kwamba waajiri wa siku hizi hawamtazami mtu ambaye hajawahi kutoka. Mwenzangu tuliyeteuliwa naye ameshakubali, kwao wanajiweza. Mimi nina siku 12 za kujibu. Nikikataa, nitaonekana nimechezea bahati. Nikikubali, nitamwomba kaka pesa nilizomwambia hazihitajiki. Silali.

Niliyesema Bure

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo neno "bure", maana hata jina la kujificha umelichukua humo. Hukumdanganya kaka yako. Ulisoma "ada imesamehewa" ukaelewa kama wanavyoelewa wengi, na barua za uteuzi huishia hapo hapo mara nyingi bila kutaja kinachofuata. Ulichomwambia siku ile kilikuwa ukweli kama ulivyoujua siku ile. Uongo utaanza siku utakapoujua ukweli mwingine ukaufunika, na kwa barua yako hujafika huko, ingawa rafiki yako anakuonyesha njia.

Nikikuelewa vizuri, umebanwa na mambo yaliyofungwa fundo moja: kozi mbili zinazoweza kukugharimu mwaka, pesa ambazo nyumbani hazipo, na mazungumzo na kaka unayoyaogopa. Umeyaandika kana kwamba jibu moja la "naenda" au "siendi" litayamaliza yote. Mimi ningeyafungua moja moja, kwa sababu kila moja lina mtu wake wa kulijibu, na baadhi ya majibu hayo bado hujayaomba.

Tuelewane kwanza kuhusu huo msamaha wa ada. Katika mpango wa kubadilishana, vyuo viwili hupeana viti. Kila mwanafunzi anaendelea kulipa ada chuoni kwake, kisha anakwenda kukalia kiti upande wa pili. Vyuo huhesabiana viti hivyo mwaka hadi mwaka, na wanafunzi wawili wa muhula mmoja mmoja mara nyingi huhesabiwa sawa na mmoja wa mwaka mzima. Maana yake ni kwamba ada ya chuo chenu kwa muhula ule bado inadaiwa. Je, kaka analijua hilo, au anadhani muhula ule amepumzika? Tena chuo mwenyeji kitakudai mchango wa muhula, unaokwenda kwenye huduma za wanafunzi na, kwa vyuo vingi, usafiri wa umma. Hutofautiana kati ya chuo na chuo, kwa kawaida kati ya yuro 100 na 400, na msamaha wa ada hauugusi. Kama chuo kiko jimbo la Baden-Württemberg, ambako wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya hutozwa yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017, angalia barua yao ikutaje waziwazi kuwa mwanafunzi wa kubadilishana, maana hao hawatozwi.

Sasa kozi. Hapa ndipo naona umekata tamaa mapema mno.

Umesema idara imekataa Ukaguzi na Kodi. Nakuuliza: waliangalia nini walipokataa? Wanafunzi wengi hupeleka jina la kozi na maelezo ya mistari mitatu, na mkuu wa idara akikosa cha kulinganisha hukataa, na ana haki. Kinachofanya kozi itambuliwe ni silabasi kamili: mada za kila wiki, saa za mihadhara na za kujisomea, kitabu kinachotumika, na namna ya mtihani. Omba silabasi hiyo kwa mratibu wa chuo mwenyeji, uiweke kando ya silabasi ya kwenu, mada kwa mada, kwenye jedwali la safu mbili. Kwa Ukaguzi jedwali hilo linaweza kubadilisha jibu. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi vinatumika katika nchi nyingi, na kozi inayofundishwa kwa kufuata viwango hivyo haina tofauti kubwa kutoka chuo kimoja hadi kingine. Linganisha sana sehemu za ushahidi wa ukaguzi, tathmini ya hatari na uchukuaji sampuli.

Kodi ni habari nyingine, na hapa nisikupe tumaini la bure. Sheria ya kodi ya Ujerumani ni ya Ujerumani. Idara ikikataa kuibadilisha inakulinda wewe, hasa kama unafikiria kufanya mitihani ya bodi ya wahasibu, kwa sababu bodi inapotoa msamaha wa somo huangalia kama ulisoma sheria ya nchi inayohusika. Hii ndiyo sababu mkondo wa uhasibu unasafiri kwa shida kuliko mikondo mingine ya biashara. Masoko, fedha, ugavi na mkakati vinahama kirahisi. Kodi na sheria ya makampuni hazihami.

Basi swali linabaki moja: Kodi inaweza kusomwa lini pasipo kukupotezea mwaka? Muulize msajili, kwa maandishi, kama kozi hiyo hufundishwa kwa wanafunzi wa jioni au kwenye tawi jingine muhula wa pili. Kama kanuni zinaruhusu kuisoma kwa kujitegemea chini ya mhadhiri na kuifanyia mtihani maalumu. Kama inawezekana kuisoma wakati wa likizo ndefu kabla hujaondoka. Vyuo vingi vina mlango mmoja wa namna hii na hakuna anayeutangaza. Lakini ukiufungua, uwe macho na mzigo. Kubeba Kodi juu ya kozi nyingine tano na mradi wa mwisho kumeshawaangusha wanafunzi wazuri, na alama moja mbaya mwaka wa nne inaonekana sana.

Hata hizo kozi tatu zilizokubaliwa, usiondoke na ahadi ya mdomo. Kuna karatasi inayoitwa mkataba wa masomo, inayosainiwa na watu watatu: wewe, chuo chako na chuo mwenyeji. Inaonyesha kozi utakayosoma kule na kozi itakayofutwa huku. Mzigo kamili wa muhula Ulaya ni krediti 30 za ECTS, yaani mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya, na Ujerumani huhesabu krediti moja kuwa saa 30 za kazi, ukijumlisha mihadhara, kujisomea na mtihani. Kozi za biashara huwa na krediti 5 au 6, kwa hiyo tatu zako ni kama nusu ya mzigo tu. Uliza kama chuo mwenyeji kina kiwango cha chini cha krediti kwa wageni, na kama chuo chako kitakutambua kuwa mwanafunzi wa muda wote kwa mzigo huo. Kisha ombea kibali kozi saba au nane badala ya tano. Kozi za Kiingereza za shahada ya kwanza ni chache na hujaa haraka, nyingine hufutwa wiki ya kwanza. Asiye na kozi za akiba huishia kusoma kozi ambayo akirudi hakuna anayeitambua.

Alama nazo zina mtego wake. Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu kabisa na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, 5.0 ni kufeli. Afisa anayezoea mizani ya kupanda hadi 4 akiona 1.7 anaweza kuiandika kuwa alama duni, ilhali ni alama nzuri. Kanuni ya kubadilisha alama iwe imeandikwa na kusainiwa kabla hujaondoka. Au idara iamue kozi za nje zihesabiwe kufaulu na kufeli tu, zisiguse wastani wako. Kila njia ina bei yake: ya pili inakulinda usipofanya vizuri, lakini ukifanya vizuri haikuinui.

Kuhusu tarehe kugongana, umeliona mapema na hilo ni jema. Muhula wa baridi wa Ujerumani huanza rasmi tarehe 1 Oktoba na kuisha 31 Machi. Mihadhara huisha katikati ya Februari, mitihani hufuata, na kozi nyingi hupimwa kwa mtihani mmoja wa mwisho ambao ndio alama yote. Usitegemee kwamba watakuhurumia na kukutungia mtihani wa peke yako. Chagua kozi zinazopimwa kwa namna nyingine: semina za insha na uwasilishaji, au kozi za mkupuo zinazofundishwa siku chache mfululizo na kumalizika Desemba au Januari. Kwa zile zenye mtihani, mwandikie mhadhiri wa kule sasa hivi, kabla hujazichagua, umwulize kama mgeni anaweza kufanya mtihani kabla ya tarehe fulani. Akikataa unajua mapema. Na jambo ambalo wageni hulijua wakiwa wamechelewa: vyuo vingi vya Ujerumani hutenganisha kujiandikisha kozi na kujiandikisha mtihani. Unaweza kuhudhuria mihadhara yote miezi minne ukazuiwa mlangoni kwa sababu dirisha la kujiandikisha mtihani lilifungwa wiki kadhaa kabla.

Matokeo nayo hayaji siku ya pili. Karatasi rasmi huweza kuchukua wiki sita, nane au zaidi. Kama utahitimu mwaka huo huo, mwulize msajili mwisho wa kupokea matokeo ya nje ni tarehe gani.

Tuje kwenye pesa, na kwanza huo ushauri wa rafiki yako. Akaunti yenyewe Wajerumani huiita Sperrkonto, yaani akaunti iliyozuiwa, na imetengenezwa makusudi kuzuia hicho anachokushauri. Pesa ikiingia haitoki mpaka ufike Ujerumani, na ukifika inatoka mwezi kwa mwezi, yuro 992, hadi iishe. Hakuna siku utakayozitoa zote ukawarudishia watu. Ukikopa mtindo huo utakuwa na wadai nyumbani wanaosubiri, huku pesa zao unazila wewe kwa kodi ya chumba na bima. Ukija kumwambia kaka baada ya hapo, utakuwa unamweleza habari ya deni la siri, na hiyo ni habari nzito kuliko unayoiogopa leo. Na kama kuna atakayekushauri uingie kwa viza fupi ya matembezi kisha ubadilishe ukiwa ndani, ujue kwa kawaida haibadilishwi: unarudishwa nyumbani kuomba upya.

Hesabu halisi ni kubwa kuliko 4,960. Pesa ya akaunti ni ya kuishi, kwa hiyo usiihesabu kwamba itarudi. Pembeni yake kuna yuro 75 za viza ya muda mrefu, gharama za kufungua na kutunza akaunti, na amana ya chumba, ambayo kwa sheria ya kule haizidi kodi ya miezi mitatu bila huduma. Amana hii inatakiwa kabla akaunti haijaanza kukulipa, kwa hiyo ni pesa taslimu ya mkononi. Bima ya afya ya wanafunzi hupita yuro 130 kwa mwezi, na bima ya safari uliyonunua nyumbani mara nyingi haikubaliki kuandikishia chuo. Usikimbilie kuomba kuondolewa kwenye bima ya umma kwa sababu ya bei: ukishaondolewa huruhusiwi kurudi katika kipindi hicho cha masomo. Mabweni mengi hutoa mkataba wa muhula kamili hadi mwisho wa Machi, hata kama wewe unaondoka Februari, kwa hiyo uliza mapema kama unaweza kuvunja mkataba au kumpangisha mwingine. Kazi ya muda inaruhusiwa, siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, lakini usiandike mshahara wake kwenye bajeti. Ubalozi unataka pesa kabla, na muhula wa kwanza katika nchi mpya huliwa na kutafuta chumba na kuandikisha makazi, jambo linalotakiwa ndani ya wiki mbili za kuhamia.

Nani mwingine anaweza kuchangia? Uliza ofisi yenu kama makubaliano na chuo hicho yako chini ya Erasmus+. Mpango huo ulianza 1987 kwa nchi 11 za Ulaya, na leo hufadhili pia wanafunzi wa nchi za nje ya Ulaya pale vyuo viwili vinapokuwa na makubaliano ya kufadhiliwa: hutoa posho ya mwezi na nauli kulingana na umbali. Barua ya ufadhili unaofika kiwango hutosha mahali pa akaunti iliyozuiwa. Mtu anayeishi Ujerumani pia anaweza kukudhamini rasmi mbele ya ofisi ya wageni, lakini fikiria sana kabla ya kumwomba, kwa sababu anajifunga kisheria kulipa gharama zako zote. Kama hakuna mfadhili wala mdhamini, pesa iliyopo nyumbani ni ya mdogo wenu, na swali hilo si lako peke yako kulijibu.

Ndiyo maana kaka yako anatakiwa kuwamo kwenye uamuzi huu. Unaogopa kumvunjia furaha, naielewa hofu hiyo. Lakini hebu itazame kwa upande wake. Huyu ni mtu aliyebeba ada zako kwa miaka, anayejua bei ya kila kitu nyumbani, na wewe unapanga kumficha hesabu kwa kumhurumia. Huenda angependelea kuulizwa. Nenda kwake na karatasi moja yenye safu mbili: kilichosamehewa na kisichosamehewa. Umwambie ulipokosea kuelewa, bila kujidhalilisha. Usiende ukiwa umeshaamua, wala usimwombe pesa katika kikao hicho cha kwanza. Kuna hatari pia: anaweza kusema "nenda, nitajua la kufanya" kwa sababu ukoo umeshasikia, kisha mdogo wenu akalipa bei bila kuulizwa. Akisema hivyo haraka, mpe siku mbili umwulize tena.

Kauli ya mhadhiri wako naomba tuipunguzie uzito, kwa heshima zote. Nafasi kwa chuo hicho hicho, muhula huo huo, pengine haitarudi. Lakini shahada za uzamili za biashara nyingi zina muhula wa kubadilishana ndani yake, na zipo programu za kiangazi za wiki mbili hadi sita zisizogusa kozi zako za lazima. Hizo fupi mara nyingi haziko kwenye makubaliano ya kusameheana ada, kwa hiyo soma bei kabla ya kufurahi, jifunze kwa hili. Na kuhusu waajiri, mstari wa "muhula mmoja Ujerumani" huzaa swali la pili: ulifanya nini huko? Aliyesoma fedha za kimataifa na kuandika kazi ya kikundi na wageni wanne ana cha kujibu. Aliyebaki, akafanya mafunzo kazini kwenye kampuni ya ukaguzi, naye ana cha kujibu. Sioni kwa nini wa kwanza amshinde wa pili kila mahali.

Kuna njia ya katikati ambayo barua yako haikuitaja. Muhula wa kiangazi wa Ujerumani huanza Aprili, na mihadhara yake huenda hadi Julai. Ungesoma Ukaguzi na Kodi nyumbani Oktoba, ukaenda Aprili kwa kozi nyepesi kuhama, huku ukiwa na miezi sita zaidi ya kutafuta ufadhili. Inategemea kozi zako za muhula wa pili zinahamishika kiasi gani na mradi wa mwisho unasimamiwaje kutoka mbali, na inaweza kuchelewesha kuhitimu kwa miezi michache kama matokeo yatafika baada ya Septemba. Pia haina uhakika: kiti cha Oktoba si lazima kihamishiwe Aprili, chuo mwenyeji kinaweza kuwa kimejaza. Kuuliza hakukugharimu kitu.

Kuhusu siku 12, jua tofauti ya hatua. Ofisi yenu inakuteua, kisha wewe unaomba, kisha chuo mwenyeji ndicho kinachokupokea. Kujitoa kabla jina halijatumwa hakumwumizi mtu, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Kujitoa baada ya kupokelewa, kiti mara nyingi hupotea kabisa, na ofisi hukumbuka. Kwa hiyo waulize leo jina lako linatumwa tarehe gani hasa, na kama unaweza kukubali kwa masharti ya majibu ya idara. Na ukija kukubali, usifute usajili wa kozi za nyumbani mpaka viza iwe mkononi. Viza hizi huchukua wiki nyingi, na mwanafunzi ambaye viza yake imechelewa huku dirisha la usajili wa nyumbani limefungwa hupoteza muhula pande zote mbili.

Sijakuambia uende wala ubaki, mwanangu, na sitafanya hivyo, kwa sababu sijui msajili atasema nini kuhusu Kodi wala kaka atasema nini kuhusu akiba. Ukiyapata majibu hayo mawili niandikie tena, hata kama siku 12 zitakuwa zimepita. Barua ya msajili iandike kwanza, asubuhi hii, uambatanishe jedwali la Ukaguzi hata kama halijakamilika. Jibu lake ndilo litakalochukua siku nyingi kuliko yote, na kaka yako atakuuliza habari ya ule mwaka kabla hajakuuliza habari ya pesa.